Ibuprofeni haifuti alichofanya jua

Wengi huamini kwamba ukiungua na jua, vidonge viwili vya ibuprofeni vinaiponya ngozi. Kinachopungua ni maumivu, na wekundu kidogo. Jeraha liko palepale.

Miale ya urujuanimno, hasa ile ya aina B, huharibu vinasaba ndani ya seli za ngozi. Seli zikishadhurika, mwili hutengeneza prostaglandini, kemikali zinazotanua mishipa midogo ya damu na kuamsha maumivu. Ndiyo maana unarudi nyumbani mzima, jioni mabega yanawaka na hata shuka huwezi kuivumilia. Wekundu huo hufikia kilele kati ya saa 12 na 24 baadaye. Ibuprofeni na dawa za jamii yake huzuia prostaglandini, basi. Vinasaba hazivigusi, wala ngozi haiponi upesi zaidi kwa sababu yake. Ukizimeza mapema hutuliza kiasi, ila ukingoja hadi kesho yake zimebaki kama dawa nyingine yoyote ya maumivu.

Na kumeza kabla ya kwenda juani ili "kujikinga"? Hapana. Tena kuna kichekesho kichungu hapa: baadhi ya dawa za jamii hiyohiyo, ketoprofeni ya kupaka ikiwa mfano mbaya zaidi, huifanya ngozi iungue upesi. Aliyeishiwa maji mwilini pia ajihadhari, maana figo zake zinaweza kudhurika.

Maji baridi, kivuli na kunywa maji vinatosha mara nyingi. Malengelenge yakienea, au homa ikipanda, nenda kwa daktari.