Kuongeza aluminiamu kwenye magnesiamu, jamani kuna kikomo

Ndugu zetu mnaoyeyusha skrapu na nyie mafundi wa spea, maabara bado tunaletewa vipande vya magnesiamu vilivyopasuka na maelezo ni yale yale, "niliongeza aluminiamu ili iwe ngumu". Tunajua mko kwenye kutafuta riziki na hakuna anayetaka kumuuzia mteja kitu kibovu, lakini hili tuelewane.

Aluminiamu kweli inaipa magnesiamu nguvu. Shida ni kiasi. Aloi (mchanganyiko wa metali) ya magnesiamu inayoitwa AZ91 ina aluminiamu kama asilimia 9 na zinki kama 1, ukiifunga kwenye mashine ya kuvuta inahimili karibu megapaskali 160 (kipimo cha nguvu ya kuvuta kwa eneo) kabla haijaanza kuvutika bila kurudi ilivyokuwa, ila ikirefuka asilimia 3 tu inakatika paa! Aloi nyingine, AM60, yenye aluminiamu kama asilimia 6 inaanza kuvutika mapema, kwenye 130 hivi, lakini inarefuka asilimia 6 mpaka 8 ndo inaachia. Ndo maana fremu za usukani na viti zinatengenezwa kwa AM60, gari likigonga fremu inatakiwa ijikunje kwanza, sio ivunjike mbele ya kifua cha dereva.

Aluminiamu iliyozidi inaenda kujikusanya kwenye mipaka ya chembe (punje ndogo zinazounda metali) na kutengeneza kitu kigumu kinaitwa Mg17Al12, ufa unaanzia hapo hapo. Na joto likipita nyuzi 120 hivi hicho kitu kinalainika, kwa hiyo karibu na injini hata ile nguvu uliyoitafuta inapungua, Volkswagen kwenye injini za Beetle waliishia kutumia aloi ya AS41 yenye aluminiamu asilimia 4 na silikoni 1.

Wanaouliza kama waongeze zirkoni, metali nyingine: inafanya chembe ziwe ndogo, nguvu inapanda na kunyumbuka kunapanda, ila usiiweke penye aluminiamu, zinashikana zinazama chini ya chungu na hela yako imepotea. Na manganizi haiwekwi kwa ajili ya nguvu, tumeshasema sana, inawekwa kukamata chuma, maana AZ91D (ile AZ91 ya usafi wa juu) hairuhusiwi chuma kuzidi asilimia 0.005, ikizidi kutu inakula kipande haraka mno.

Kuleta sampuli: kata kwa msumeno wa mkono taratibu, usitumie gesi wala grainda, vumbi lake linashika moto na ukimwagia maji unauchochea, weka mchanga mkavu karibu. Kipande kiwe kikavu, kifungwe peke yake, lebo iandikwe tarehe ya kumimina, kalibu, na kila ulichoongeza kwa gramu, sio "kidogo". Fomu isainiwe na mwenye karakana mwenyewe. Majibu yakitoka "haikidhi" hatubadilishi, unaleta sampuli mpya na unalipia upya, na kughushi cheti cha maabara ni kosa la jinai. Sampuli isiyo na lebo inarudishwa pale pale mapokezi.