Kahawa ya ng'ambo ya ziwa, kwa wewe unayetaka kufungua kijiwe cha kahawa Mwanza

Kazi yangu ni kukaanga kahawa, na swali ninaloulizwa sana na watu wa hapa Mwanza wanaotaka kufungua kijiwe cha kisasa ni hili: ninunue mashine gani? Mi huwa nawarudisha nyuma kabisa, nawauliza kwanza utauza kahawa ipi. Wengi wanasema Arabika ya Kilimanjaro au Mbeya kwa sababu ndo ina jina, Robusta, ile aina nyingine ya kahawa, wanaiona ya viwandani tu. Hapo ndo inabidi tukae tuongee.

Jamani, Robusta ni ya kwetu huku. Arabika misitu yake ya asili iko Ethiopia kusini magharibi, ikavuka kwenda Yemen, Masufi wakawa wanainywa karne ya 15 wakeshe kwenye dhikri, bandari ya Mokha ikaisambaza duniani. Kilimanjaro yenyewe ililetwa na wamisionari mwishoni mwa miaka ya 1800. Ila hapo ng'ambo, Kagera, Wahaya walikuwa na Robusta yao kabla Mjerumani hajatia mguu, na hawakuinywa, waliitafuna, tunda linachumwa bado bichi, linachemshwa na majani yenye harufu nzuri, linaanikwa, mgeni akifika anapewa, na watu wawili wakichanjiana udugu walikula punje mbili za tunda moja zikiwa na damu yao. Mpaka leo ukishuka Bukoba unaipata. Halafu kitu ambacho wengi hawajui, wataalamu wa vinasaba wameonyesha kwamba Arabika ilitokana na Robusta kuchavushana na kahawa nyingine ya porini inayoitwa eugenioides, malaki ya miaka iliyopita. Yaani Robusta ni mzazi wake.

Shida yake sio mmea, ni maandalizi. Kagera wengi wanaanika tunda zima na ganda lake, sasa ikianikwa chini inanyonya harufu ya udongo, mbichi zikichanganywa na mbivu inakuja ladha kama ya nyasi, na mkulima aliyeuza kwa butura, hela keshapokea maua yakiwa bado mtini, ataihangaikia ya nini? Lakini ipate iliyochumwa nyekundu, ikaanikwa juu ya kichanja, ikakaangwa bila kuunguzwa, utakuta kakao na karanga humo ndani, nzito mdomoni, na povu lake kwenye espreso, ile kahawa nzito ya mashine inayotoka kwa shinikizo, ni zito kuliko la Arabika.

Kwa hiyo ukienda kununua mbichi, yaani ambayo haijakaangwa, usiangalie gunia, chota kiganjani. Punje ya Robusta ni duara na mfereji wake umenyooka, ya Arabika imerefuka na mfereji umepinda, mtu akikuchanganyia utaona. Angalia nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika. Halafu nusa. Ikinuka ukungu au moshi achana nayo, hakuna ukaangaji utakaoitoa hiyo harufu.

Kama wewe ni mnywaji tu, nunua punje nzima, tafuta pakiti yenye tarehe ya kukaangwa, usage kiasi cha kunywa siku hiyo maana iliyosagwa inapoteza harufu haraka mno. Na Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya Arabika, mwenye shida ya usingizi ainywe asubuhi.

Tuje kwenye hela. Kilo moja mbichi ukiikaanga inapoteza maji, unabaki na gramu 800 na kitu, hiyo tofauti watu wengi hawaiweki kwenye bei. Espreso dabo inakula gramu 18 hivi, kwa hiyo kilo iliyokaangwa inakupa vikombe 50 hivi ukitoa za kurekebishia mashine asubuhi, hapo bado maziwa, gesi, kodi ya pango. Grainda nzuri, yaani mashine ya kusagia, ndo itangulie, mashine ya bei mbaya na grainda ya ovyo ni hasara tupu. Na umeme ukikatika uwe na jiko la gesi na vifaa vya kuchujia, mteja asigeuze mlangoni.

Wateja usiwatafute mbali. Wale wanaokaa kwenye mabenchi Kirumba jioni na kashata mkononi, wanaongea mpira, wanakunywa kahawa chungu ya birika, wamezoea kahawa nzito, na nzito ndo Robusta, wape iliyoandaliwa vizuri kwa bei inayolipika watakuja.

Mwisho maji. Zile video zinazosema subiri maji yapoe kabla ya kumimina, Mwanza hazituhusu sana, tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Yakishachemka toa motoni umimine, gramu 60 za kahawa kwa lita, ila kama yananuka klorini yachuje kwanza.