Kukataa sahani si kukataa ukoo: dhana potofu kuhusu sikukuu katika familia za dini na makabila mchanganyiko

Lalamiko linaloletwa mara nyingi kuliko yote katika chumba cha ushauri wa ndoa na familia hapa Mwanza huanza hivi: "Tulimchinjia mbuzi, akanywa soda tu." Anayelalamika huwa ni mama mkwe au wifi, na anayelalamikiwa ni mkwe wa dini nyingine aliyekuja kula Krismasi ukweni kwa mara ya kwanza. Miezi michache baadaye lalamiko hilohilo hunijia kutoka upande wa pili, safari hii likihusu Idi na pilau iliyoachwa sahanini. Nimelisikia kwa Wasukuma wa Magu waliomwoza binti yao kwa Waislamu wa Kirumba, kwa Wahaya Wakatoliki wenye wakwe Wasabato kutoka Musoma, na kwa Wakerewe wenye wajukuu wa madhehebu kadhaa ndani ya ukoo mmoja. Kwa kuwa jeraha lake hudumu miaka mingi, na lingeweza kuzuiwa kwa mazungumzo mafupi kabla ya sikukuu, nitalieleza kwa urefu, kisha nitazigusia dhana nyingine kwa ufupi.

Dhana: "Aliyekataa chakula chetu ametukataa sisi"

Chimbuko la dhana hii ni la heshima. Katika Kanda ya Ziwa mgeni hukirimiwa kwa kulishwa, na mwenyeji huusoma moyo wa mgeni kwa jinsi anavyokula. Kipimo hicho kinamfaa mgeni aliye huru kula chochote alichoandaliwa. Kinapotumiwa kwa mtu aliyefungwa na sharti la dini yake, humhukumu kwa jambo ambalo hakuliamua siku hiyo wala hawezi kulitengua ili awafurahishe wenyeji. Mkwe aliyesafiri kutoka Bukoba, akaketi nanyi kutwa nzima, akawabeba watoto na kuwasalimia wazee mmoja mmoja, amekwisha kuonyesha kwamba anawakubali, na sahani iliyobaki haiwezi kuyafuta hayo yote.

Ndani ya dhana hii mna nyingine inayonichosha zaidi, nayo ni kudhani kwamba chakula kisicho na kitimoto tayari ni halali. Wenyeji huniambia kwa uchungu wa kweli, "Hatukupika nguruwe hata kidogo, sasa alitaka nini?" Ukweli ni kwamba Mwislamu huangalia pia mnyama amechinjwa na nani, na kama jina la Mungu limetajwa wakati wa kuchinja. Huangalia sufuria iliyopikiwa kitimoto jana yake, mwiko uliokoroga vyakula viwili, na mafuta yaliyokaangiwa nyama za kila aina. Kuku aliyechinjwa uani na kijana wa nyumba asiye Mwislamu, hata kama amefugwa vizuri na kupikwa kwa usafi, Waislamu wengi wa hapa kwetu hawamli. Mama mkwe asiyelijua hilo hudhani ametimiza kila kitu, kumbe amemwekea mgeni wake mtihani asioweza kuufaulu mbele za watu.

Katika kila ukoo hupatikana mtu anayependa kumkumbusha mkwe aya ya 5 ya Suratul Maida, inayohalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo. Aya hiyo ipo, na wanazuoni wameijadili kwa kina pamoja na mipaka yake, lakini mkwe hakuja Krismasi kujibu maswali ya tafsiri, na kinachomwongoza mezani ni malezi aliyoyapata kwao. Tukumbuke pia kwamba suala la nani achinje si dogo katika eneo letu. Mwanzoni mwa mwaka 2013 mgogoro wa uchinjaji ulizuka Mwanza na Geita, na huko Buseresere uligharimu uhai wa mtu. Familia inayoliona jambo hili kuwa maringo ya mkwe mmoja haijapima uzito wake.

Upande wa Idi nako kuna Wakristo wanaoiacha nyama kwa hoja kwamba "imesomewa". Hawa huwa nawauliza nyama wanayonunua buchani kila wiki imechinjwa na nani, kwa maana kwa desturi ya muda mrefu nchini kwetu mifugo inayochinjwa kwa ajili ya walaji wote huchinjwa na Waislamu. Aliyekula nyama hiyo mwaka mzima hana sababu ya kuiogopa siku ya Idi. Hata hivyo, kama dhamiri yake bado inamzuia, aachwe ale wali na kachumbari kwa amani, kwa maana siwezi kumtetea mkwe Mwislamu katika Krismasi kisha nikamnyima shemeji Mkristo haki hiyohiyo katika Idi.

Hatua za kuchukua ni nyepesi kuliko watu wanavyofikiri. Mwite jirani Mwislamu achinje mbuzi na kuku wote wa sikukuu, si mmoja wa pembeni kwa ajili ya mgeni, kwa sababu sufuria ya pembeni humtenga mtu na meza. Kitimoto, kama ukoo hauwezi kusherehekea bila hicho, kiwe na siku yake nyingine na vyombo vyake. Mgeni aelezwe mapema, kabla hajauliza, nani alichinja na nini kimepikwa wapi.

Ushauri ninaoupenda kuliko wote, na ambao familia nyingi za hapa huupuuza kwa sababu ya mazoea, ni kupika samaki. Tunaishi kando ya ziwa lenye sato na sangara, halafu tunagombana kwa sababu ya mbuzi. Samaki hahitaji kuchinjwa kwa utaratibu wa kidini, kwa hiyo Mwislamu humla bila swali. Sato ana mapezi na magamba, kwa hiyo Msabato anayefuata mafundisho ya Walawi sura ya 11 humla pia, ingawa kambare atamwacha. Mkatoliki anayejinyima nyama siku ya Ijumaa Kuu humla. Sato wakubwa walionunuliwa alfajiri, wakakaangwa kwa mafuta mapya au kuchomwa wazima, wakawekwa katikati ya meza kama chakula cha heshima, huwakalisha pamoja watu ambao mbuzi angewatenganisha. Shida hubaki kwa mkwe wa Kihindu asiyekula nyama wala samaki, na kwake maharage, dengu, mchicha na ndizi vilivyopikwa kwenye sufuria yake vinatosha kabisa, mradi mchuzi wake usionjwe kwa kijiko kilichotoka kwenye nyama.

Liko jambo moja ambalo silivumilii, nalo ni utani wa kitimoto. Mashemeji humwacha mkwe Mwislamu ale, kisha mmoja husema kwa sauti kwamba alichokula ni nguruwe, na wote hucheka. Utani baina ya makabila yetu una mipaka yake inayofahamika, na kumfanya mtu aamini kwamba amekula haramu kumo nje ya mipaka hiyo. Nimeona ndoa ambazo miaka baadaye bado mume hakanyagi ukweni kwa sababu ya kicheko hicho.

Anayekataa chakula naye ana wajibu. Kusema "nimeshiba" wakati hajala kitu ni uongo ambao kila mtu mezani anautambua, na mara nyingi huo ndio unaowaumiza wenyeji kuliko kukataa kwenyewe. Aseme mapema, na anayepaswa kusema si mgeni bali mwenza wake mwenye ukoo huo: mke azungumze na mama yake, mume azungumze na wazazi wake, wiki kadhaa kabla ya sikukuu, kwa maneno ya wazi. Mume anayenyamaza kimya kisha akamwacha mkewe ajieleze peke yake mbele ya mawifi amekwepa kazi yake.

Dhana: "Mwanamke akishaolewa, sikukuu za kwao zimekwisha"

Hakuna msingi wa kisheria wala wa kidini wa kuisema kauli hii kwa ujumla namna hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa za kidini, za kiserikali na za kimila, na haimlazimishi mwanandoa kubadili imani, nayo Katiba katika ibara ya 19 inalinda uhuru huo. Kwa fiqhi ya Kiislamu, mume Mwislamu anaweza kumwoa Mkristo naye akabaki katika dini yake. Kanisa Katoliki huruhusu ndoa ya Mkatoliki na asiyebatizwa kwa kibali cha askofu. Palipo na ugumu wa kweli ni kwa watoto, kwa sababu Kanisa humtaka Mkatoliki aahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe, na upande wa pili humhesabu mtoto wa baba Mwislamu kuwa Mwislamu. Hilo lizungumzwe kabla ya posa kukamilika, siyo Desemba ya kwanza baada ya mtoto kuzaliwa.

Dhana: "Mtoto mwenye sikukuu mbili atachanganyikiwa"

Mtoto wa Igoma huzungumza Kisukuma na bibi yake na Kiswahili shuleni, wala hamsalimii mwalimu kwa lugha ya bibi; katika sikukuu hufanya vivyo hivyo. Kinachomtia wasiwasi ni kuwasikia wakubwa wakidharau sikukuu ya mzazi wake mmoja. Mwambieni kwa ufasaha hii ni ya nani na kwa nini, mpeni nguo mpya na mkono wa Idi kama wenzake, na acheni kumtuma kupeleka maneno ya ugomvi kati ya nyumba mbili.

Dhana: "Kuchanganya mila ni kuchanganya ibada"

Wanaouogopa sana mchanganyiko huu ni wachungaji na masheikh, na wanaoutekeleza vibaya ni vijana wanaotaka kila mtu asali sala zote. Mfano mzuri uko jirani yetu, pale Bujora karibu na Kisesa, mahali palipoanzishwa na Padre David Clement wa Wamisionari wa Afrika, mzaliwa wa Quebec. Huko tamasha la Bulabo la mwezi Juni lilifungamanishwa na sherehe ya Ekaristi Takatifu, lakini Misa ilibaki Misa, na mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wacheza ngoma wa Kisukuma, yakabaki mashindano ya ngoma. Kilichounganishwa ni majira na umati. Familia ifanye hivyohivyo: wanaokwenda Misa waende, wanaokwenda kuswali Idi uwanjani waende, kisha wote wakutane kwenye chakula, zawadi na salamu za wazee. Hali ni hiyohiyo kwa tambiko la ukoo. Ndugu aliyeokoka asilazimishwe kumimina pombe, na wala asiwazuie wazee kufanya lao.

Dhana: "Haki ni Krismasi moja kwenu, moja kwetu"

Zamu huonekana za haki hadi mgonjwa anapopatikana upande mmoja, au nauli zinapopanda mwezi wa Desemba, na hapo kila anayekosa zamu yake huanza kuweka deni. Kwa familia za hapa umbali wenyewe umepungua. Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, limeondoa foleni ya kivuko, na mtu anaweza kusali asubuhi Sengerema akala jioni Mwanza. Gawaneni saa za siku kabla ya kugawana miaka.

Dhana: "Sikukuu zetu hazigongani, kwa hiyo hatuna cha kupanga"

Hii ninaikuta kwa familia zilizozoea Idi kuangukia katikati ya mwaka. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo Idi hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida, na ndiyo maana mwaka 2000 Idi el-Fitri ilikuja mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu, inayofungua Kwaresima, na mwanzo wa Ramadhani viliangukia wiki moja, na nyumba moja ikawa na wafungao wa namna mbili. Krismasi ya mwaka huohuo ni Ijumaa: wapo watakaotoka Misa ya asubuhi, watakaokwenda swala ya Ijumaa saa saba mchana, na Wasabato watakaotaka kazi zote ziwe zimekwisha kabla ya jua kuzama, Sabato inapoanza, kwa hiyo chakula kikiwekwa saa nane mchana kinawafaa wote. Mwaka 2027 Krismasi itakuwa Jumamosi, na kwa hao Wasabato upishi wote uwe umekamilika Ijumaa.

Kinachohitaji maandalizi zaidi kiko mbele kidogo. Krismasi za mwaka 2031 na 2032 zitaangukia ndani ya Ramadhani, na mwaka 2033 Idi el-Fitri inatarajiwa siku mbili tatu kabla ya Krismasi, kutegemea kuandama kwa mwezi. Watoto walio chekechea leo watakuwa na umri wa kuyaelewa yote yatakayosemwa mezani miaka hiyo. Kwa kuwa Mwanza iko karibu na ikweta, jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo familia zinazoniuliza naziambia zihamishe chakula kikubwa cha Krismasi za miaka hiyo kutoka mchana hadi saa moja jioni, tende na uji vikitangulia kwa waliofunga, na wengine wasubiri pamoja nao badala ya kuanza mapema na kuwabakizia. Watoto wadogo na wagonjwa walishwe mchana jikoni, bila muziki wala shamrashamra. Kikao cha kukubaliana saa hiyo kifanyike Novemba, na babu au bibi ndiye atangaze, ili isionekane ni ombi la mkwe.