Majani Mengi, Tunguu Hakuna

Malalamiko ninayoyapokea mara nyingi kuliko mengine kuhusu vitunguu maji vya bustani ya nyumbani ni haya: majani yalinawiri, mwenye bustani akafurahi, na siku ya kung'oa akakuta shingo nene isiyo na tunguu lolote chini yake. Anayenieleza hayo kwa kawaida amekwisha kuulaumu udongo. Mimi, kwa mazoea ya miaka mingi ya kukagua bustani ndogo za mboga, huanza kwa kumuuliza mbegu zake zilikuwa za aina gani.

Kitunguu hakianzi kujaza kwa sababu kimeshiba mbolea. Mmea huu hufuata urefu wa mchana, na kila aina ina kipimo chake. Aina za mchana mfupi huanza kutunga, yaani kujaza tunguu, mwanga wa siku unapofikia saa 10 hadi 12, aina za kati huhitaji saa 12 hadi 14, na aina za mchana mrefu husubiri saa 14 hadi 16. Mtu anayelima karibu na ikweta, ambako mchana haupungui sana wala kuzidi sana saa 12 mwaka mzima, akipanda aina ya mchana mrefu atapata majani tu, hata akiimwagilia kwa bidii kiasi gani. Kinyume chake, anayelima mbali kaskazini akapanda aina ya mchana mfupi wakati siku zinarefuka, miche yake itapata ishara ya kutunga ingali michanga, nayo itatoa vitunguu vidogo kama gololi. Kwa hiyo pakiti ya mbegu isiyotaja kundi hilo haifai kununuliwa, na mbegu zilizokaa kabatini zaidi ya mwaka mmoja au miwili zisitegemewe, kwa sababu mbegu za kitunguu hupoteza uhai haraka kuliko za mboga nyingi.

Aina ikiwa sahihi, kinachobaki kuamua ukubwa ni idadi ya majani yaliyopo siku ile ishara inapofika. Kata kitunguu kwa upana wake, ukitazame kwa makini: yale magamba manene yaliyozungukana ni vitako vya majani, na kila jani lililowahi kuota limeacha gamba lake humo. Mmea ulioanza kutunga ukiwa na majani matano hauwezi kuwa na unene wa ule uliokuwa na kumi na mawili. Ndiyo maana nasisitiza wiki za mwanzo kuliko za mwisho, ingawa wengi hufanya kinyume: huiacha miche ikisongwa na magugu, kisha hukimbilia mbolea wanapoona mavuno yanakaribia na vitunguu bado ni vidogo.

Magugu huumiza kitunguu kuliko mboga nyingi, kwa kuwa majani yake membamba yaliyosimama hayawezi kuutia udongo kivuli, na mizizi yake ni michache, haina matawi mengi, tena sehemu kubwa hukaa katika sentimita 30 za juu. Palilia kwa mkono au kwa jembe dogo, juu juu, usije ukaikata mizizi hiyo. Maji nayo yaende kidogo kidogo bila kukatika. Tuta likikauka kabisa kisha likaloweshwa ghafla, vitunguu vingi hupasuka au kugawanyika mapacha. Panda miche kwa kina cha sentimita 2 au 3 tu, kwa nafasi ya sentimita 10 hivi kati ya mche na mche. Kitunguu hupenda kuvimba kikiwa nusu nje ya udongo, na kukifukia kama viazi ni kosa ninalolikuta karibu kila mahali.

Mbolea yenye naitrojeni itolewe mmea ukiwa unakuza majani, na ikome tunguu linapoanza kuvimba. Ikiendelea kutolewa, mmea huendelea kuchipua majani mapya, shingo hunenepa na haikauki vizuri. Samadi mbichi ina madhara hayohayo. Iwekwe ile iliyooza vya kutosha, kabla ya kupanda.

Kuhusu wadudu, ninayemhofia zaidi ni thiripi. Urefu wake ni kama milimita moja tu, na hukaa ndani kabisa, pale majani machanga yanapokutana, ndiyo sababu mwenye bustani huona mistari ya rangi ya fedha kwenye majani bila kumwona mdudu mwenyewe. Ninapokagua, huyafungua majani ya katikati taratibu kwa vidole viwili, au huukung'uta mmea juu ya karatasi nyeupe, na vitu vya manjano vinavyotambaa huonekana mara moja. Mayai yake yamo ndani ya jani lenyewe na sehemu ya ukuaji wake hupita udongoni, kwa hiyo dawa ya kunyunyiza mara moja haimalizi tatizo. Hali ya joto na ukavu humpa nguvu. Kumwagilia kwa juu humpunguza, lakini majani yanayolala na unyevu hualika magonjwa ya kuvu ya majani, ubwiri unyoya na baka zambarau; basi ikibidi kumwagilia hivyo, nafanya asubuhi mapema ili majani yawe makavu kabla ya jioni.

Uozo mweupe ni jambo jingine kabisa. Ukikuta ukungu mweupe kama pamba kwenye kitako cha kitunguu, wenye chembe nyeusi ndogo sana, ng'oa mmea wote pamoja na udongo unaouzunguka, usiutie kwenye mboji, na usipande kitunguu, kitunguu saumu wala liki mahali hapo tena, maana chembe hizo zinaweza kuishi udongoni kwa zaidi ya miaka 20.

Mavuno yanapokaribia, majani huanguka yenyewe. Zaidi ya nusu ya mimea ikishalala, acha kumwagilia, na usiyakanyage majani yaliyosimama ili kuharakisha, kwa sababu jani lililovunjika likiwa bichi hufungulia kuvu njia ya shingoni. Baada ya kung'oa, tandaza vitunguu mahali pakavu penye kivuli na upepo kwa wiki 2 au 3. Kisha bana shingo ya kila kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada: ikiwa kavu na nyembamba kama karatasi, kitunguu kiende ghalani, ikiteleza au kubonyea kwa unyevu ndani, kiende jikoni wiki hiyohiyo.