Je, wajua kwa nini washauri watatu wa kazi huweza kumpa kijana mmoja majibu matatu?

Mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Tanzania anapofikia kuchagua tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita, mara nyingi huwa ameshashauriwa na watu wengi ambao maneno yao hayalingani. Tumchukue binti anayefaulu vizuri Baiolojia, anayependa kufungua simu mbovu ili aone kilichoharibika, na ambaye nyumbani anatarajiwa awe daktari. Mshauri wa kwanza anampa dodoso, kisha anamwambia kuwa uhandisi ndio unaomfaa; wa pili anamwambia kuwa bado ni mapema mno kuamua; wa tatu hamtajii kazi yoyote, bali anamwuliza habari za utoto wake. Ni rahisi kudhani kwamba angalau wawili kati yao wanababaisha, ilhali huenda wote wanaijua kazi yao, ila kila mmoja ameisomea katika mkondo tofauti.

Mkondo mkongwe zaidi, ambao ndio wa mshauri wa kwanza, ulianzia Boston, Marekani, mnamo Januari 1908, wakati Frank Parsons alipoanzisha ofisi ya kuwashauri vijana waliokuwa wakitafuta kazi za kufanya mjini. Parsons alifariki mwaka huohuo, na kitabu chenye mbinu zake kikachapishwa mwaka 1909. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu kwanza ajifahamu, yaani uwezo wake, mapendeleo yake na mipaka yake, kisha azifahamu kazi zilizopo na masharti yake, na mwishowe aoanishe mambo hayo mawili kwa kutumia akili badala ya bahati. Mwaka 1959 mwanasaikolojia John Holland aliiendeleza fikra hiyo kwa kuwagawa watu, pamoja na mazingira ya kazi, katika aina sita: za vitendo, uchunguzi, sanaa, huduma kwa jamii, uongozi wa shughuli na biashara, na taratibu za ofisini. Dodoso nyingi zinazotumika leo shuleni na mitandaoni zina asili hiyo. Mhojiwa huulizwa kama angependa kutengeneza injini, kupima kemikali au kutunza vitabu vya hesabu, alama zikajumlishwa, na aina zinazoongoza zikalinganishwa na orodha ya kazi.

Hapa ndipo penye udhaifu ambao, kwa maoni yangu, washauri wengi huupita haraka mno. Dodoso hudhani kwamba anayejibu ana picha ya kazi anayoulizwa, ilhali mwanafunzi aliyesomea shule isiyo na maabara yenye vifaa anapoandika kuwa hapendi kupima kemikali, pengine anasema tu kwamba hajawahi kuzipima. Mnasihi makini huyachukua majibu hayo kuwa mwanzo wa mazungumzo, na akiweza humpeleka kijana akashinde siku moja karakana, zahanati au shambani kabla ya kumwambia lolote.

Mshauri wa pili anafuata mkondo wa mwanasaikolojia Donald Super, aliyefundisha kuanzia miaka ya 1950 kwamba kazi hujengeka kwa hatua katika maisha yote, na kwamba takriban miaka 15 hadi 24 ni kipindi cha kujaribu na kutafuta. Ushauri wake ni wa busara, lakini mfumo wa shule haumsubiri mtu amalize kujaribu. Binti wetu akichukua PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), atajifungia milango mingi ya uhandisi. Akichukua PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), udaktari utamponyoka. Nchini Kenya nako, tangu Januari 2026 wanafunzi wa Gredi ya 10 wamekuwa wakiingia katika mojawapo ya njia tatu, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; au sanaa na michezo, na uamuzi huo hufanywa wakiwa bado wadogo.

Maswali ya utotoni ya mshauri wa tatu yanatokana na kazi ya mwanasaikolojia Mark Savickas, ambaye humtaka mtu aeleze ni nani aliowaona mashujaa alipokuwa mdogo, ni hadithi zipi anazozipenda na ni mambo gani ya awali anayoyakumbuka, ili yeye mwenyewe auone uzi unaoyaunganisha. Njia hii huhitaji vikao kadhaa, na huwafaa zaidi watu wazima waliopunguzwa kazini au waliochoshwa na kazi waliyoizoea.

Wapo pia watu wanaoitwa washauri ilhali shughuli yao ni nyingine. Mlezi wa kitaaluma humwonyesha kijana njia aliyoipita yeye mwenyewe, jambo lenye manufaa makubwa kwa aliyekwishachagua fani hiyo, lakini si rahisi kwake kumshauri mtu aiache. Wakala wa ajira naye humtafutia mwajiri mtu wa kujaza nafasi, na kwa hiyo anayehudumiwa hasa ni mwajiri. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala binafsi asimtoze mtafuta kazi ada, isipokuwa pale nchi inaporuhusu kwa sababu maalumu.

Kwa binti mwenye siku chache tu za kuamua, dodoso likifuatiwa na mazungumzo ya kina na mwalimu wa unasihi ndiyo njia inayowezekana. Azungumze pia na muuguzi mmoja na fundi mmoja wa simu, akiwauliza jana walifanya nini tangu walipofika kazini hadi walipotoka.