Kigari cha zawadi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kumjengea mume, mke au mchumba gari dogo la plastiki, ukaviunganisha vipande na kuvipaka rangi kwa mkono wako mwenyewe, ni zawadi ambayo kwetu bado inachekwa. Kuna wanaoiona ya kitoto na kuna wanaoiona ya kitajiri. Hata wanaoipenda huharibu kazi kwa kufuata ushauri wa kusikia. Hizi hapa ni dhana ninazokutana nazo mara kwa mara kwa watu wanaotaka kuanza. Nyingine zinatosha sentensi chache. Nyingine zimeharibu vigari vingi mno, na hizo nitakaa nazo.

"Hakuna anayetengeneza magari tunayoendesha sisi."

Hii ndiyo inayowakatisha wengi tamaa mapema. Mtu akifikiria seti za kujenga, anaona Ferrari na Lamborghini, na mwenzi wake hajawahi kupanda hata moja. Lakini sehemu kubwa ya seti hizi hutoka Japani, na huko ndiko yalikotoka magari yetu mengi. Aoshima, kampuni ya Shizuoka, imetoa Toyota Probox kwa kipimo cha 1/24, yaani kila urefu umepunguzwa mara 24. Imetoa pia Toyota HiAce, ndugu wa hizo zinazobeba abiria Dar es Salaam na Nairobi. Tena Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani umeshakaa kulia na huna haja ya kukatakata dashibodi. Kuwa macho na seti za Ulaya na Marekani, maana nyingi huja na usukani wa kushoto. Mtu aliyeendesha gari hilo kwa miaka ataliona kosa hilo kabla hata ya kuitazama rangi.

Kwa mwenzi mpenda mbio za magari, Hasegawa, kampuni nyingine ya Japani, wana Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally ya 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller: nyekundu, boneti nyeusi, namba 11. Gari la aina hiyo lilishinda tena 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, ambaye baadaye alifikisha ushindi wa mara tano katika Safari.

Na kama gari lake la moyoni ni Peugeot 504, ile iliyokuwa ikikimbiza abiria baina ya miji ya Kenya, si lazima utafute seti. Norev wa Ufaransa wametengeneza 504 ndogo za chuma zilizokwisha kuunganishwa. Fungua skrubu za chini, toa vioo na viti, ondoa rangi ya kiwandani, kisha ipake rangi ya ile anayoikumbuka yeye. Wapo watakaosema hiyo si kujenga. Waache waseme.

"Zawadi nzuri ni gari la kifahari."

Kilichomo kwenye boksi ni gari la kila mtu. Huwa la mwenzio kwa vitu vidogo ambavyo karatasi ya maelekezo haivijui: keria ya juu, bampa iliyochubuka upande mmoja, rimu tatu za aina moja na ya nne tofauti, stika ya timu au ya kanisa kwenye kioo cha nyuma. Probox yenye hayo yote itamgusa kuliko Ferrari iliyopakwa bila doa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutazama. Lizunguke gari halisi na simu yako, piga picha ubavu kwa ubavu ukiwa umechuchumaa usawa wa taa, piga dashibodi, piga paa. Ikiwa limeshauzwa, tuseme ni lile la baba mkwe lililokuwa likimpeleka mwenzio shule, omba albamu za familia. Katika picha za harusi na za sikukuu, gari karibu kila mara liko nyuma ya watu.

Bamba la namba ndilo lenye uzito kuliko kitu kingine chochote. Pima la kweli kwa futi, kisha gawa kwa 24: bamba la sentimita 52 kwa 11 linakuwa kama milimita 22 kwa 4 na nusu. Kenya, gari la namba za mtindo wa KAA huwa na bamba jeupe mbele na la njano nyuma. Tanzania, gari la binafsi lina njano kote kuwili. Vivyo hivyo, HiAce ya daladala isiyo na mkanda wa rangi ubavuni inabaki kuwa gari la mizigo tu.

Mabamba na maandishi unaweza kuyachapa mwenyewe kwa printa ya wino kwenye karatasi maalumu ya stika za maji, zile zinazolowekwa kisha zikatelezeshwa mahali pake. Printa hizo hazichapi rangi nyeupe, kwa hiyo chagua karatasi yenye weupe chini, la sivyo rangi ya bodi itapenya. Na ukishachapa, puliza klia, yaani rangi angavu ya kufunika, juu yake kabla ya kuiloweka, maana wino huo huyeyuka majini.

"Ni mchezo wa watoto."

Watoto wetu wanaotengeneza magari ya waya yenye matairi ya kandambili, wakiyaongoza kwa usukani mrefu wa waya, wanafanya uhandisi wa kweli, kwa hiyo sioni tusi hapo. Lakini kama unahitaji mtu mzima wa kumtaja ukibishana na shemeji zako: Tamiya, kampuni ya Japani ya seti hizi, walipokuwa wakiandaa Porsche 934 ya kipimo cha 1/12, iliyotoka 1976, Shunsaku Tamiya wa kampuni hiyo alinunua Porsche 911 halisi ikafunguliwa kipande kwa kipande ili ipimwe.

"Supa gluu inashika kila kitu."

Inashika, ndiyo, na hapo ndipo tatizo linapoanza. Inapokauka hutoa mvuke unaotua kwenye plastiki angavu na kuacha ukungu mweupe. Ukibandika kioo cha mbele kwa supa gluu, kesho yake kinaonekana kama kimepuliziwa pumzi, na hakifutiki kwa kitambaa. Vioo hubandikwa kwa gundi nyeupe ya maji, ile ya karatasi na mbao, ambayo hukauka ikawa angavu na ikizidi unaifuta kwa kitambaa chenye unyevu.

Vipande vya plastiki vyenyewe vina gundi yake. Seti nyingi ni za plastiki iitwayo polistirini, na gundi yake si gundi kwa maana ya kunata, ni kiyeyushi. Huyeyusha nyuso mbili, zinaingiliana, kisha kiyeyushi kinaruka na unabaki na plastiki moja. Kwa sababu hiyo haisaidii kuweka nyingi: ikizidi, bodi hulainika na alama za vidole vyako zinabaki humo milele. Ile nyepesi kama maji inafaa zaidi. Bana vipande pamoja, gusa mstari wa kiungo kwa ncha ya brashi, nayo hujivuta yenyewe ndani ya mwanya.

Vipande vilivyong'arishwa kama kromu havikubali gundi hii, kwa kuwa kinachogusana si plastiki bali ule utando wa juu. Kwangua pale tu panapounganishwa. Na kama kromu yenyewe ni ya kung'aa kupita kiasi, jambo la kawaida kwenye rimu, loweka kipande katika dawa ya klorini ya kufulia, kama Jik, mng'aro utoke, halafu ukipake rangi ya fedha.

"Puliza rangi nzito mara moja, umemaliza."

Hapa ndipo zawadi nyingi hufia. Katika kipimo cha 1/24, rangi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita ni sawa na milimita 2 na nusu hivi kwenye gari halisi. Mistari ya milango hujaa, nembo zinazama, na gari linaonekana kama limechovywa. Dawa yake ni tabaka nyepesi, nyingi, na subira baina yake. Ya kwanza iwe ya ukungu tu, plastiki ikionekana bado. Ya pili izibe zaidi. Ya mwisho ndiyo iloe kidogo ili ijilaze vizuri. Kabla ya hayo yote, osha vipande kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa kuwa huenda vina mabaki ya kilainishi kilichosaidia plastiki kutoka kwenye kalibu, na rangi haishiki juu yake.

Wanaoishi Mombasa, Tanga, Dar au Unguja wana adui wa ziada. Kiyeyushi cha rangi kinaporuka hupoza uso wa kipande, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji hujishika juu ya rangi mbichi na kuifanya iwe nyeupe kama maziwa. Watu hulaumu kopo. Kopo halina kosa. Saa ndiyo mbaya. Puliza mchana, siku isiyo na mvua, kivulini, wala usisubiri usiku watoto walale. Mara nyingi weupe huo huondoka ukipuliza tena tabaka jembamba hewa ikiwa imekauka.

Swali ninaloulizwa sana ni kama rangi ya gari halisi, ile ya kuchanganyiwa dukani kwa namba ya rangi ya gari, inafaa. Kwa rangi isiyo na chembe za kung'aa, inafaa vizuri sana, na utapata rangi yenyewe hasa ya gari la mwenzio. Masharti ni mawili. Thina yake ni kali na hula polistirini, kwa hiyo lazima praima, rangi ya msingi, itangulie na rangi ipulizwe nyepesi. La pili, kaa mbali na rangi na klia za kuchanganya na hadina, dawa ya kuzigandisha: zina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, na sebule si mahali pake. Rangi ya metali ya gari halisi ina tatizo lingine, chembe zake ni kubwa mno kwa gari la sentimita 17 na humeta kama pambo za Krismasi. Hiyo nunua ya watengeneza vigari.

"Barakoa ya corona inatosha."

Haitoshi. Barakoa ya kitambaa au ya karatasi huzuia matone na vumbi. Mvuke wa thina unapita humo kana kwamba hakuna kitu. Kinachohitajika ni kinyago chenye vichujio vya mkaa amilifu vya kuzuia mvuke wa kemikali, na hewa inayotembea. Kama huna, puliza nje. Na jiko lisiwe karibu, maana mvuke huo unashika moto.

"Lazima ling'ae."

Inategemea ni gari la wapi. Teksi ya maonyesho ing'ae. Gari la Safari Rally lisilo na tope ni la kabla ya kuanza. Watu wengi huchota udongo mwekundu na kuumwagia juu, nao unaonekana kama changarawe, kwa sababu punje ya udongo haipungui mara 24. Saga chaki ya rangi ya kahawia na nyekundu kwa msasa laini hadi iwe unga, upake kwa brashi kavu ukianzia chini ya milango na nyuma ya matairi, na uache eneo la waipa kwenye kioo likiwa safi. Kwa mistari ya milango, tumia rangi ya kijivu iliyozimuliwa sana; nyeusi tii hufanya gari liwe katuni, hasa likiwa jeupe.

"Wikiendi moja inatosha."

Kuunganisha, pengine. Kukauka, hapana. Rangi za mafuta huchukua siku kadhaa kabla ya kushikwa bila kuacha alama, hata kama juu zinaonekana kavu. Zinuse: bodi inayonuka bado haijakauka. Usiifunge kwenye boksi la zawadi ikiwa hivyo, kwa sababu karatasi ya kufungia itaacha chapa yake kwenye paa. Kama siku ya kuzaliwa ni mwisho wa mwezi huu na hujanunua seti, nunua kitu kingine, hiki kiwe cha mwaka ujao.

"Iwe siri mpaka siku yenyewe."

Katika nyumba ya vyumba viwili, thina haifichiki. Sioni pia kwa nini ifichwe. Mwenzio akijua, utaweza kumuuliza viti vilikuwa na rangi gani, redio ilikaa wapi, na ni nani aliyevunja kile kioo cha pembeni. Ukitaka kubakiza jambo moja la kumshangaza, ficha bamba la namba.

"Likishakamilika, limekamilika."

Usiliweke dirishani. Jua hupausha rangi, hata za stika za maji, na klia ya bei rahisi hugeuka njano. Usiliache pia kwenye dashibodi ya gari lililofungwa juani, ingawa huko ndiko wengi hutaka kulionyesha. Vipande vyembamba hupinda. Vumbi lifutwe kwa brashi laini ya vipodozi, na vioo vya pembeni visiguswe. Mwisho ni jambo ambalo maelekezo ya seti mara nyingi hayalitaji: matairi laini ya seti za zamani yana mafuta ya kulainisha, na mafuta hayo huhama polepole yakala rimu za plastiki, hata meza ya onyesho iliyo chini yake. Ukikuta tairi limeanza kunata, litoe mapema, na chini ya magurudumu weka vipande vya kioo.