Kwa nini mashambani Ufaransa kuna njia nyingi za baiskeli zisizo na magari?

Je, wajua kwamba katikati ya Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, mtu anaweza kuendesha baiskeli kutwa nzima, akipita misituni na kando ya malisho ya ng'ombe, bila gari hata moja kumpigia honi? Wala si kijia cha kupenya kwa kuinama. Ni njia pana ambayo watu wawili huenda sambamba wakipiga soga, imeshindiliwa changarawe, na vilima unaviona pembeni lakini miguu haivisikii sana. Mgeni hudhani kuna serikali iliyopenda baiskeli kupita kiasi. Ukweli ni kwamba njia nyingi kati ya hizi hazikutengenezewa baiskeli. Zilitengenezewa treni, na nyingine farasi wa kuvuta mashua.

Tuanze na treni. Mwaka 1879 waziri wa kazi za umma, Charles de Freycinet, mhandisi kwa taaluma, alipata sheria ya kujenga reli mpya 181, jumla yake karibu kilomita 9,000. Njia kuu za kutoka Paris kwenda miji mikubwa zilikuwa zimekwisha kuwepo. Hizi mpya zililenga vimji vya pembezoni, ili mkulima auze mazao yake mbali na, tusifichane, ili mpiga kura aone kwamba Jamhuri inamjali. Juu ya hizo zikaongezwa reli ndogondogo za mitaa, kila mwanasiasa akitaka yake ipite kijijini kwao. Baadhi hazikupata abiria wa kutosha hata katika miaka yao mizuri.

Mji mdogo wa Carhaix unaonyesha mambo yalivyokuwa. Kuanzia mwaka 1891 uligeuka hatua kwa hatua kuwa kitovu cha reli tano zilizotawanyika kila upande wa Bretagne ya ndani: Morlaix, Guingamp, Loudéac, Rosporden na Châteaulin. Ili kupunguza gharama zilijengwa kwa upana wa mita moja, upana uleule wa reli ya kale ya Mombasa hadi Kisumu na ya Dar es Salaam hadi Kigoma. Reli nyembamba hukubali kona kali, kwa hiyo wahandisi waliweza kuzunguka mlima badala ya kuutoboa.

Kuupanda wima lakini hawakuweza. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza. Hiyo ndiyo faida ya treni kwenye tambarare, na ndiyo aibu yake mlimani: injini ya tani nyingi hushindwa na mwinuko ambao bodaboda yenye abiria wawili huumaliza bila wasiwasi. Kwa hiyo enzi ya mvuke mwinuko ulizuiwa usizidi mita 2 au 3 kwa kila mita 100. Palipoinuka pakachimbwa, palipozama pakajazwa tuta. Leo mwendesha baiskeli anarithi jasho hilo bila kulipa senti. Tahadhari moja tu: mwinuko wa asilimia 2 ukiendelea kwa kilomita kumi si mchezo. Hauuoni kwa macho, ila unashangaa mbona leo umechoka mapema.

Mabasi na malori yalipoenea, reli hizi zilianza kufa. Kampuni kubwa za reli ziliunganishwa na kuwa SNCF, shirika la reli la taifa, mwaka 1938, na maelfu ya kilomita yakafungiwa abiria katika miaka hiyohiyo. Reli nyembamba za Carhaix zilidumu hadi mwaka 1967. Vyuma viking'olewa na mataruma yakaondolewa, hubaki nini? Utepe mrefu wa ardhi, mwembamba, uliojaa kokoto, ambao trekta haliwezi kulima chochote cha maana.

Na hapo ndipo penye siri yenyewe. Jaribu leo kununua ardhi ya kupitisha njia mpya ya kilomita 50 katikati ya mashamba ya watu: utakutana na wamiliki mamia, mirathi isiyogawanywa na kesi za miaka. Utepe wa reli ulikuwa umekwisha kununuliwa zamani, reli ilipojengwa, na mara nyingi ulikuwa bado mikononi mwa mwenye mali mmoja. Serikali ya wilaya (wenyewe huiita département) ilizungumza na mtu mmoja, mambo yakaisha. Palipouzwa vipandevipande, leo njia hukatika ghafla na unarudishwa barabarani kwenye malori.

Njia iliyofungua mlango ni ya Givry hadi Cluny, katika mkoa wa Burgundy, kilomita 44, iliyozinduliwa mwaka 1997. Mwaka 2004 njia za aina hii, "voies vertes", zikaingizwa rasmi katika sheria za barabarani: wakati huo zilitengewa watembea kwa miguu, baiskeli na wapanda farasi, vyombo vya injini marufuku. Njia ya Givry imetiwa lami. Nyingi nyingine zimeachwa changarawe kwa sababu ni rahisi zaidi kutengeneza, maji ya mvua hupenya, na kwato za farasi haziteseki. Wafaransa hawajaacha kubishana juu ya hilo. Mimi niko upande wa changarawe, ingawa baada ya mvua vumbi lake hugeuka uji unaoganda kwenye mnyororo, na usipousafisha jioni, kesho baiskeli itasaga meno.

Kisha kuna mifereji. Karibu na Carhaix hupita mfereji wa Nantes hadi Brest, kilomita 364. Napoleon aliuamuru mwaka 1811 kwa sababu meli za kivita za Waingereza zilikuwa zimeizingira bandari ya Brest. Alitaka shehena ipite ndani ya nchi. Ulipokamilika mwaka 1842 vita ilikuwa imekwisha zamani. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa Glomel, ambako kati ya mwaka 1823 na 1832 wafungwa walichimba mwanya wa kilomita zaidi ya 3, kina chake mahali pengine zaidi ya mita 20, kwa sururu na mikokoteni. Ukipita chini pale, kuta zimefunikwa na miti na joto hushuka mara moja.

Mashua zilivutwa kwa kamba kutoka ukingoni, na farasi au na watu wenyewe, kwa hiyo ilibidi ukingo uwe na njia isiyokatika. Kuiendesha ni tofauti na njia ya reli. Reli hupanda polepole mfululizo. Mfereji ni tambarare kabisa, kisha unafika kwenye lango la maji, la kuinua na kushusha mashua, unapanda kijilima kifupi mbele ya nyumba ya mlinzi wa lango, halafu tambarare tena. Mfereji mzima una malango zaidi ya 230. Bwawa la umeme la Guerlédan lililomalizika mwaka 1930 liliukata vipande viwili, na mashua hazikupita tena moja kwa moja.

Reli moja kati ya zile tano ilinusurika: ya Guingamp, iliyopanuliwa kuwa ya upana wa kawaida mwaka 1924, na treni yake bado hufika Carhaix na hupokea baiskeli. Anayetaka kuonja ashuke hapo, kisha afuate njia ya Morlaix kupitia milima ya Arrée. Aanzie Carhaix, si Morlaix: Carhaix iko juu na Morlaix iko karibu na bahari, kwa hiyo mteremko mrefu utakuwa wake mwishoni.